Anayenunua Laptopu ya Ofisi Hununua na Utunzaji Wake

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo endeshi wa kompyuta, na mashine nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11 iliyoufuata. Kabla na baada ya siku hiyo, kampuni na taasisi zimekuwa zikitoa laptopu zao za kazi maofisini kwa mafungu, na nyingi zinaishia mikononi mwa watu binafsi: mwanafunzi, mwandishi, mhasibu anayejitegemea. Mjadala kuhusu mashine hizi una kambi mbili, na zote mbili, kwa maoni yangu, zinakosea mahali pamoja. Kambi ya kwanza inasema laptopu ya kazi ni imara kama chuma, na aliyeipata amepata. Ya pili inasema ni mabaki ya ofisi, vitu vilivyotupwa kwa sababu muda wake umekwisha. Hoja yangu ni nyingine. Laptopu ya kazi haikubuniwa kwa ajili ya anayeitumia. Ilibuniwa kwa ajili ya anayeisimamia, yaani yule mtu wa kitengo cha TEHAMA anayezipokea kwa mamia, anazifunga, anazikarabati na mwisho anazikusanya. Uzuri wake wote na kero zake zote zimetoka kwenye chanzo hicho kimoja. Anayeinunua peke yake anapata mashine lakini hapati msimamizi wake, na maisha ya mashine hiyo mikononi mwake yatategemea kama yuko tayari kuikalia nafasi ya msimamizi iliyoachwa wazi.

Tuanze na historia kidogo, maana bila hiyo hoja inaelea. IBM ilizindua laptopu ya kazi ya ThinkPad mwaka 1992, sanduku jeusi lililosanifiwa na Richard Sapper, likiwa na kijiti chekundu katikati ya kibodi ambacho ni ubunifu wa Ted Selker. Dell ilileta Latitude mwaka 1994. HP ilianzisha EliteBook mwaka 2008. Lenovo ilipokamilisha ununuzi wa kitengo cha kompyuta binafsi cha IBM mwaka 2005, ilirithi jina pamoja na aina ya mteja aliyelizoea jina hilo, na aina hiyo ya mteja ndiyo inayoeleza kila kitu. Mtu anayeamua kununua laptopu ya kazi mara nyingi siye atakayeandikia juu yake. Anataka mashine elfu moja zinazofanana, zinazokubali chaja moja, zinazopokea mfumo endeshi uleule kwa mkupuo, ambazo vipuri vyake vitapatikana hadi mkataba uishe, kwa kawaida miaka 3 au 4. Anataka fundi aje siku ya kazi inayofuata, afungue, abadilishe, aondoke. Hajali sana kama rangi ya skrini inapendeza. Anajali kwamba mfanyakazi asipoteze siku nzima bila mashine.

Ukishalishika hilo, mambo mengi yanayosifiwa kama ubora wa kimiujiza yanaonekana yalivyo: ni hesabu za matengenezo. Watengenezaji wakubwa huweka hadharani miongozo ya ukarabati ya laptopu zao za kazi, yenye michoro ya kila skrubu na mpangilio wa kuondoa kila sehemu, kwa sababu mafundi wao wenyewe na wa wateja wao wanaihitaji. Skrubu za kifuniko cha chini kwenye modeli nyingi hazichomoki kabisa, zinabaki zimening'inia kwenye kifuniko, ili fundi anayefungua mashine ishirini kwa siku asizipoteze. Kibodi za modeli nyingi zina njia za kumwaga maji yanayomwagika juu yake, kwa kuwa kikombe kilichoangukia mezani ni tukio la kila siku ofisini na mwenye mali anataka bodi mama ipone. Bawaba zimekazwa zivumilie kufunguliwa na kufungwa na mtu ambaye mashine si yake. Naandika makala haya kwenye laptopu iliyowahi kuwa ya ofisi ya watu wengine. Betri yake ilipochoka nilipakua mwongozo, nikafungua kwa bisibisi moja, nikaweka nyingine jioni hiyohiyo. Sijui laptopu nyingi za matumizi ya nyumbani ambazo zingeniruhusu hivyo bila gundi na vita.

Betri inastahili kujadiliwa zaidi, kwa kuwa hapo ndipo mwenye mashine mpya anapoanza kuielewa au kuilaumu. Betri za lithiamu huchakaa kwa namna mbili: kwa mizunguko ya kuchaji na kutumia, na kwa kukaa tu zikiwa zimejaa huku zina joto. Laptopu ya ofisini huishi mezani, imechomekwa umeme mchana kutwa, yaani katika hali hiyo ya pili. Ndiyo maana kwenye ThinkPad kuna mpangilio wa kuizuia betri isipite kiwango fulani, tuseme asilimia 80, na Dell na HP wana mipangilio yao ya aina hiyo, mingine imo ndani ya BIOS kabisa, yaani programu inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows. Ni kipengele kilichowekwa kwa ajili ya mtu anayehesabu betri ngapi atanunua mwaka ujao. Kwa mmiliki binafsi ni hazina, ila hakuna atakayemwambia ipo. Mashine inafika imefutwa, Windows imewekwa upya, programu ya mtengenezaji inayoendesha mpangilio huo haipo, na betri inaendelea kuokwa kwa asilimia 100 kila siku. Baada ya mwaka mtu anasema laptopu za ofisi zina betri mbovu. Kabla ya kusema hivyo, fungua dirisha la amri kwenye Windows uandike powercfg /batteryreport. Ripoti itakayotoka inaonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Tofauti ya namba hizo mbili inakueleza historia ya mashine hiyo kuliko maneno ya anayekuuzia.

Sasa upande wa kero, na hapa naomba tusioneane haya. Kero kubwa ya kuishi na laptopu ya kazi ni skrini. ThinkPad T480 ya mwaka 2018, ambayo hadi leo wengi wanaitaja kwa mapenzi, iliuzwa pia ikiwa na skrini ya pikseli 1366 kwa 768 ya aina ya TN, ambayo ukiitazama kwa pembeni rangi zinageuka. Hata matoleo ya 1920 kwa 1080 ya miaka ile mara nyingi yalikuwa na mwangaza hafifu wa niti 250 na uwezo mdogo wa kuonyesha rangi. Ukikaa karibu na dirisha unaona uso wako kuliko maandishi. Modeli hizohizo zilikuwa na chaguo la skrini bora, ila aliyejaza fomu ya manunuzi alichagua ya bei ya chini, kwa kuwa macho yatakayoitazama saa nane kwa siku hayakuwa yake. Spika nazo ni za kusikia mkutano tu. Kamera za kabla ya 2020 ni za kuthibitisha kwamba mtu yupo. Haya ni matokeo ya uamuzi uleule uliotuletea skrubu zisizopotea: kila senti imepelekwa mahali ambapo msimamizi ataiona.

Habari njema ni kwamba skrini inabadilishika. Kwenye laptopu nyingi za kazi paneli inatoka kwa skrubu chache au utepe wa gundi, na waya wake una kiunganishi kinachojulikana. Inahitaji uangalifu kuhusu aina ya kiunganishi, kwa kuwa paneli yenye pikseli nyingi huenda ikahitaji waya tofauti, lakini ni kazi ambayo fundi wa kawaida anaiweza. Mmiliki aliyebadilisha skrini na kuongeza kumbukumbu (RAM) ana mashine ambayo ofisi ya kwanza haikuwahi kuwa nayo. Anayebaki na ile ya awali atachoka macho na kuilaumu mashine nzima.

Kuna tabaka lingine ambalo halionekani kwenye picha za mauzo, nalo ndilo zito kuliko yote: programu dhibiti, yaani ile iliyowekwa ndani ya vifaa vyenyewe kama BIOS, na udhibiti wa mbali. Laptopu ya kazi ina mlango wa msimamizi uliojengwa ndani ya chipu. Teknolojia ya AMT ya Intel, inayokuja na mashine zenye vPro, chapa ya Intel ya kompyuta za kazi, humwezesha mtu wa TEHAMA kuifikia kompyuta kupitia mtandao hata kama mfumo endeshi haujawaka. Mei 2017 Intel ilitangaza udhaifu mkubwa kwenye teknolojia hiyo: mtu aliyeufikia mtandao angeweza kuingia bila nenosiri sahihi. Udhaifu huo uligusa mashine za kazi, na Intel yenyewe ilisema haukuwepo kwenye kompyuta za matumizi ya nyumbani. Fikiria maana yake. Kitu kilichowekwa kwa manufaa ya msimamizi kiligeuka mlango wa mwizi pale ambapo msimamizi hakuwepo kuuziba. Kwenye kampuni yenye kitengo kinachofanya kazi, sasisho lilisukumwa kwenye mashine zote. Kwenye mashine iliyokwishauzwa kwa mtu mmoja, lilisubiri mtu huyo ajue kwamba BIOS ni kitu kinachosasishwa.

Mfano mwingine ni wa milango ya USB-C. Lenovo iliwahi kuwataka wamiliki wa ThinkPad nyingi za miaka ya 2017 hadi 2019 kusasisha programu dhibiti ya Thunderbolt, teknolojia inayotumia milango hiyo, la sivyo milango hiyo ingeweza kuacha kufanya kazi, ikiwa ni pamoja na kuchaji. Ofisini hilo ni tangazo moja kwa mtu mmoja, na tatizo limekwisha. Kwa mmiliki wa pili ni laptopu iliyokuwa nzima jana na leo haichaji, na fundi asiyejua historia hiyo atasema bodi mama imekufa. Nasisitiza mifano hii kwa sababu imekaa katikati ya hoja yangu: uimara wa laptopu ya kazi umegawanyika kati ya chuma chake na uangalizi uliokuwa unaizunguka. Ukinunua chuma pekee umenunua nusu.

Na kuna kufuli. Nenosiri la msimamizi kwenye BIOS ya ThinkPad halifutiki kwa kuchomoa betri ndogo ya bodi. Miongozo ya Lenovo yenyewe inasema likisahaulika, bodi mama ndiyo hubadilishwa. Usajili wa Autopilot wa Microsoft, unaoifungamanisha mashine na kampuni yake, nao unaitambua mashine kwa vifaa vyake vya ndani, kwa hiyo unaweza kufuta diski, kuweka Windows upya, na mara tu ukiunganisha intaneti skrini inakukaribisha kwa jina la kampuni usiyoijua na kukudai anwani ya barua pepe ya kazini. Programu ya Absolute ya kufuatilia mashine kutoka mbali, ambayo mizizi yake iko kwenye programu dhibiti ya mashine nyingi za kazi, inaweza kujirudisha hata baada ya diski kubadilishwa. Kila kimoja kati ya hivi ni ulinzi mzuri dhidi ya wizi, na mimi ni mmoja wa wanaoutetea. Lakini mnunuzi asiyewasha mashine, kuingia BIOS na kuweka Windows upya mbele ya muuzaji ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kabla sijafika kwenye hoja za pande mbili, niseme jambo moja kuhusu usingizi wa mashine, kwa kuwa ndilo linalowaudhi wamiliki kila siku bila wao kujua jina lake. Laptopu za zamani za kazi zilipofunikwa ziliingia hali iitwayo S3: prosesa inazimwa, kumbukumbu pekee inabaki na umeme kidogo, na asubuhi betri imepungua asilimia chache tu. Baadaye Microsoft na watengenezaji wa chipu walihamia kwenye Modern Standby, ambapo mashine inajifanya simu: imelala lakini bado inaweza kupokea barua na masasisho. Inapofanya kazi sawasawa huamka papo hapo. Inapoharibika, unaitoa kwenye begi ikiwa ya moto na betri imekwisha. Mashine nyingi mpya hazina tena S3 ya kurudia. Hapa ndipo laptopu ya mwaka 2018 inaweza kuwa rafiki zaidi wa kuishi naye kuliko ya 2022, na hakuna jedwali la sifa litakalokuonyesha. Dawa ya wengi ni kuweka mashine izame kwenye diski, yaani ihifadhi kila kitu na kuzimika kabisa, baada ya muda mfupi wa kulala. Inachukua sekunde kadhaa zaidi kuamka, na begi linabaki baridi.

Sasa tupime hoja. Wanaozitetea laptopu za kazi wana hoja nzuri na moja dhaifu sana. Hoja dhaifu ni ile ya kiwango cha kijeshi. Karibu kila tangazo linataja MIL-STD-810, na watu wanairudia kana kwamba mashine ilipita vitani. Kiwango hicho cha jeshi la Marekani ni mkusanyiko wa mbinu za kupima vifaa dhidi ya joto, vumbi, mtikisiko, kuanguka na mengineyo; toleo lake la H ni la mwaka 2019. Hakisemi kila kifaa lazima kipite kila kipimo, wala jeshi halitoi cheti kwa laptopu. Mtengenezaji huchagua vipimo, huamua ukali wake ndani ya kinachoruhusiwa, hupima mwenyewe au hulipa maabara, kisha huandika kwamba amefaulu. Siku hizi hata baadhi ya laptopu za wanafunzi na za michezo zina maandishi hayo. Vipimo hivyo vina thamani yake, ila haviwezi kutenganisha mashine ya kazi na nyingine, na havisemi lolote kuhusu mwaka wa tano wa bawaba. Anayenunua kwa sababu ya herufi hizo ananunua tangazo.

Hoja yao nzuri ni vipuri na nyaraka. Modeli iliyouzwa kwa wingi mkubwa kwa mashirika huacha nyuma yake akiba kubwa ya kibodi, bawaba, vifuniko na bodi zilizotolewa kwenye mashine zilizokufa. Kibodi ya T480 hutapata shida kuitafuta. Kibodi ya laptopu ya nyumbani iliyouzwa msimu mmoja kisha ikabadilishwa jina unaweza kuitafuta hadi ukate tamaa. Kwa mtu anayepanga kukaa na mashine miaka mingi, hili lina uzito kuliko kasi ya prosesa.

Upande wa wapinzani, hoja dhaifu ndiyo inayosikika zaidi: kwamba mashine isiyokubaliwa na Windows 11 ni takataka. Kwanza, nyingi ya mashine zinazotoka ofisini zinakubaliwa. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai TPM 2.0, kipengele cha usalama kinachotunza funguo za siri za mashine, na kwa upande wa Intel mpaka umewekwa kwenye prosesa za Core za kizazi cha 8, zilizoanza kutoka mwaka 2017. Kwa hiyo T480 imo ndani na T470 ya mwaka mmoja kabla yake iko nje, ingawa ukizitumia kuandika, kusoma na kupiga hesabu hutaona pengo la enzi mbili kati yake. Pili, hata zilizo nje ya mpaka zina njia. Microsoft ilitoa mpango wa masasisho ya ziada ya usalama ya Windows 10, unaofika Oktoba 2026 kwa watu binafsi na hadi Oktoba 2028 kwa mashirika yanayolipia. Linux, mfumo endeshi mbadala wa bure, nayo inaendeshwa vizuri na laptopu za kazi kuliko karibu aina nyingine yoyote, kwa sababu watengenezaji wa Linux wenyewe wanazitumia, na Lenovo, Dell na HP wamekuwa wakiuza baadhi ya modeli zikiwa na Linux tayari. Mpaka wa Windows 11 ni uamuzi wa sera ya programu. Hauwezi kupima afya ya bodi, feni wala kumbukumbu.

Hata hivyo sitaki kuwapa wamiliki faraja ya bure. Kuna tarehe nyingine isiyozungumzwa vya kutosha: vyeti vya Secure Boot, ulinzi unaohakikisha kwamba programu inayoiwasha mashine ni halali, vilivyotolewa na Microsoft mwaka 2011, ambavyo muda wake ulipangwa kuanza kuisha Juni 2026. Mashine inahitaji kupokea vyeti vipya, na kwa baadhi ya modeli hilo linategemea sasisho la BIOS kutoka kwa mtengenezaji. Laptopu haitazimika siku hiyo, lakini isiyosasishwa itakosa marekebisho ya usalama ya hatua ya kuwaka. Rudi kwenye hoja ya msingi: ofisini kuna mtu ambaye kazi yake ni kulijua hili. Nyumbani mtu huyo ni wewe.

Hoja nzito ya wapinzani ni nyingine kabisa, na naikubali kwa sehemu kubwa. Wanasema laptopu ya kazi ya leo si ile iliyojenga jina. T480 ilikuwa ya mwisho katika mfululizo wake kuwa na betri ya nje unayoichomoa bila bisibisi, na ilikuwa na nafasi mbili za kumbukumbu. ThinkPad T14 zilizofuata, kuanzia 2020, zilikuja na sehemu ya kumbukumbu imelehemiwa kwenye bodi mama na nafasi moja tu ya kuongeza. ThinkPad X1 Carbon imekuwa na kumbukumbu iliyolehemiwa tangu ya kwanza ya 2012. Unachonunua siku ya kwanza ndicho utakachozeeka nacho. Januari 2025 Dell ilitangaza kuliacha jina la Latitude na kuweka Dell Pro mahali pake, na mtu anayetegemea jina kama dhamana ya ubora sasa hana hata jina lenyewe. Haya yote ni kweli. Msimamizi naye amebadilika: anataka mashine nyembamba ambazo wafanyakazi watazipenda, na anabadilisha mashine nzima badala ya kumwita fundi abadilishe kipande.

Lakini upepo haujavuma upande mmoja tu. ThinkPad T14 ya kizazi cha 5, ya mwaka 2024, ilirudisha nafasi mbili za kumbukumbu na kupewa alama 9 kati ya 10 za urahisi wa ukarabati na iFixit, kampuni ya miongozo ya ukarabati ambayo Lenovo ilishirikiana nayo katika usanifu. Mwaka huohuo ThinkPad P1 ya kizazi cha 7 ilikuja na LPCAMM2, aina ya kumbukumbu yenye kasi na matumizi madogo ya umeme kama ile inayolehemiwa, ila inafungwa kwa skrubu na kubadilishwa. Kwa miaka mingi watengenezaji walitueleza kwamba wembamba na kasi vinadai kulehemu. Maelezo hayo sasa yamepungua nguvu. Na yamepungua wakati mbaya kwao: mahitaji ya vituo vya akili bandia yamepandisha bei za kumbukumbu, na Desemba 2025 Micron, mtengenezaji mkubwa wa kumbukumbu, ilitangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya kuuza kumbukumbu na diski kwa watu binafsi. Katika hali hiyo laptopu iliyotumika yenye gigabaiti 32 ndani yake, au yenye nafasi wazi, ina thamani ambayo umri wake hauionyeshi. Hitimisho langu hapa ni kwamba mnunuzi aache kuuliza kama laptopu ni ya kazi au ya nyumbani. Aulize modeli gani, mwaka gani, kumbukumbu imekaaje, kisha asome mwongozo wa ukarabati kabla ya kulipa. Mwongozo hausemi uongo: ukiona kwamba kubadilisha kibodi kunadai kuvua mashine nzima, umejua.

Hili linanileta kwenye maoni ya wamiliki, ambayo ndiyo wengi wetu tunayategemea. Maoni mengi huandikwa wiki ya kwanza, mashine ikiwa bado inanukia upya, na yanahusu vitu ambavyo mtu huvizoea haraka: uzito, rangi, sauti ya vitufe. Laptopu ya kazi inaonewa na utaratibu huo. Siku ya kwanza inashindwa na mpinzani mwenye skrini inayong'aa. Faida zake zinaanza kuonekana mwaka wa tatu, wakati mwandishi wa maoni amekwisha kununua nyingine au amenyamaza. Mmiliki anayetaka kutusaidia kweli angetueleza uwezo wa betri umebaki kiasi gani baada ya miaka miwili na alikuwa akiichajije. Feni inaanza kulia wakati gani na kama ilitulia baada ya kusafishwa na kupakwa upya dawa ya kupitisha joto. Betri inapungua kiasi gani usiku mashine ikiwa imelala. BIOS ya mwisho ilitoka lini. Kipuri gani alikitafuta na kama alikipata. Taarifa ya namna hiyo haina mvuto wa picha, lakini ndiyo inayoeleza maana ya kuishi na mashine.

Yapo pia ya kudai kwa wenye uwezo. Umoja wa Ulaya umeshaweka sheria kwamba kuanzia 18 Februari 2027 betri za vifaa vinavyobebeka ziwe za kuondolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe, na kwa kuwa viwanda havipendi kutengeneza matoleo mawili ya kitu kimoja, kuna matumaini kwamba faida yake itavuka mipaka hiyo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilikadiria taka za kielektroniki za mwaka 2022 kuwa tani milioni 62, na zilizorejelezwa kwa njia inayothibitika hazikufika robo. Sehemu kubwa ya kaboni ya laptopu hutolewa kiwandani kabla haijawashwa, kwa hiyo kila mwaka unaoongezwa kwenye maisha ya mashine iliyopo ni mwaka ambao nyingine haikutengenezwa. Dai la haraka zaidi, hata hivyo, halihitaji bunge wala kiwanda. Linahitaji kampuni inayotoa laptopu zake ofisini ifanye mambo manne kabla mashine haijatoka mlangoni: iondoe nenosiri la BIOS, ifute usajili wa Autopilot, izime ufuatiliaji wa Absolute, na iweke BIOS ya mwisho iliyotolewa. Anayeweza kuyafanya kwa urahisi ni mtu mmoja tu, yule msimamizi wa kwanza, akiwa bado na funguo zote mkononi. Akiyaacha matatu ya kwanza, hakuna ustadi wa mmiliki wa pili utakaoyafidia, na laptopu nzima isiyo na kasoro itachinjwa kwa ajili ya skrini na kibodi.